Gari Lisilokunywa Maji

Vijana wangu wa gereji, tangu ile chai ya kuniaga mmekuwa mkinishika shati: Mzee Mbwana andika, Mzee Mbwana andika. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitavitaja. Viko kwenye faili, faili liko kabatini, na ufunguo wa kabati karani aliupoteza zamani. Mie nitasema ya spana na ya mchanga, na kosa moja nililolifanya kabla sijatimiza miaka miwili kazini, ambalo lilinifunza kuliko kozi zote nilizopelekwa baadaye.

Nililetwa Garissa kutoka Mombasa mwaka wa Uhuru, fundi msaidizi, viatu vinang'aa, cheti mfukoni. Nilishuka kwenye lori nikiwa mwekundu kwa vumbi tangu kope hadi soksi. Gereji ya serikali ilikuwa banda la mabati na mashimo mawili ya kuingilia chini ya magari. Ndani ya shimo moja alikuwamo fundi mkuu, Shurie, Msomali wa Wajir, mrefu, mkavu, ndevu amezitia hina. Hakutoka kunisalimu. Alinyoosha mkono akaniomba spana ya nusu inchi, nikampa, akasema hiyo si yenyewe. Akairudisha mara tatu. Ya nne hakuirudisha, nami nikajua nimeajiriwa.

Jina langu hakulitumia hata siku moja. Aliniita Mombasa. Mie nilimwita Adeer, yaani ami, kwa sababu ndivyo walivyomwita wote, hata mkuu wa wilaya alipokuwa na shida na gari lake.

Adeer Shurie alikuwa na desturi moja iliyonikera sana mwanzoni. Dereva akileta gari bovu, hafungui boneti. Anamketisha dereva kwenye kasha la mbao, anamwagizia chai, anamuuliza habari: umetoka wapi, umepita wapi, mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, ngamia wa nani umewakuta njiani, watoto hawajambo. Nusu saa nzima. Mie nimesimama na bisibisi mkononi nataka kuanza. Dereva akimaliza, Adeer anakwenda moja kwa moja kwenye ubovu. Aliniambia kwamba ubovu wa gari uko kwenye safari yake, na mtu asiyeuliza mzigo ulikuwa nini na ulikwenda wapi, huyo anafungua nati tu. Nilidhani ni uvivu wa watu wa huku. Lo, ujana una dharau.

Kulikuwa na jambo jengine la Garissa ya siku zile ambalo ninyi hamkulikuta. Jumapili, kabla mambo hayajaharibika, watu walikuwa wakishindana kwa magari kwenye uwanja wa ndege. Si magari ya mashindano, yapate wapi? Yale yale yaliyobeba maziwa na mbuzi Jumamosi. Karani, mwalimu, mwenye duka, kila mmoja na chombo chake, wanazunguka uwanja, wanateremka kwenye lagha, ule mto mkavu wa mchanga, wanatokea upande wa pili, wanarudi. Mshindi ananunuliwa soda. Ugomvi wa nani alimziba nani njia ulitutosha wiki nzima.

Gari la Adeer lilikuwa moja ya yale madogo ya mgongo wa kobe, injini nyuma, boneti mbele haina kitu ila gurudumu la akiba na nafasi ya mzigo. Mzungu mmoja alipoondoka aliliacha likiwa gofu, Adeer akalifufua kwa vipande vya magari mengine. Injini yake inapozwa kwa upepo, haina rejeta, wala haijui maji. Wenzake wakichemka njiani na kuomba hata maji ya chai, lenyewe linapita zake. Nililipenda gari hilo kwa moyo wote. Nililisafisha plagi kila Ijumaa bila kuambiwa.

Kisha vita vya waliotaka kujitenga vikaingia. Vita vile vina majina mengi na kila mtu ana lake. Sisi gereji tulivijua kwa matundu ya risasi milangoni. Barabara zilifungwa. Kwenda popote ni kwa kibali na kwa msafara wa kusindikizwa na askari. Mashindano ya Jumapili yalikwisha. Na Msomali, hata akiwa na kazi ya serikali miaka kumi na mitano, alisimamishwa kwenye kizuizi akapekuliwa mpaka ndani ya kofia. Adeer alisimama, akapekuliwa, akaja kazini, akatengeneza lori la waliompekua. Nilimuuliza siku moja haoni uchungu. Akasema anaona, lakini breki za malori yale zikikatika watakufa vijana wa watu.

Siku moja akaletewa habari kutoka Wajir kwamba mama yake, Mama Batula, hajiwezi, anataka kumwona. Adeer alikwenda kuomba kibali. Kibali akapata, njia hakupata. Magari madogo yalikuwa yamekatazwa kuingia msafarani, kwani mara ya mwisho moja lilinasa mchangani, msafara wote ukasimama kulingoja, risasi zikatoka kichakani, askari mmoja akajeruhiwa mguu. Na malori yalikuwa yamejaa vyakula na askari, hayachukui raia.

Watu watatu walikuwa wakimsumbua kapteni wa msafara kila siku. Adeer alitaka kumfikia mama yake. Faraj, Mwarabu mwenye duka, alitaka kupeleka sukari na majani ya chai kwa pikapu yake. Wa tatu alikuwa Mwalimu Mutua, aliyekuwa na gari refu la saluni na maboksi ya vitabu ambavyo shule ya Wajir ilikuwa ikivisubiri tangu muhula uliopita. Kapteni alikuwa kijana wa bara, mcheshi, mwenye saa kubwa mkononi. Alikuwa amesikia habari za mashindano yetu. Akawaita wote watatu akawaambia atachukua gari dogo moja tu, na ni lile litakalomwonyesha kwamba halinasi. Mizunguko mitatu, uwanjani, lagha, vichakani, kurudi. Likinasa limetoka. Hakuna kusukumwa. Atakayetumia muda mfupi zaidi ndiye. Kisha akaongeza sharti moja: kila gari lije na mzigo wake kamili, vile vile litakavyosafiri.

Siku ya shindano ilikuwa Alhamisi. Kapteni alisema lianze baada ya sala ya adhuhuri. Adeer alipakia gari asubuhi mbele ya macho yangu: blanketi, gunia la mchele, maji ya kunywa kwenye kiriba nyuma ya kiti, na chini ya boneti ya mbele madumu mawili ya bati, vifuniko vimefungwa kwa kitambaa, maji tele mpaka shingoni. Kisha akaenda msikitini.

Nikabaki na gari. Nikalitazama lilivyoinama mbele. Ninyi mnajua, na kama hamjui mmepoteza mwaka: gari la injini nyuma likilemewa puani, pua inachimba mchanga. Nilipiga hesabu yangu ya kifundi. Maji ya kunywa yako kwenye kiriba. Gari lenyewe halinywi maji. Wajir imejaa visima, ndiyo sifa yake. Basi madumu haya ni ya nini kama si hofu ya mzee? Nikayabeba nyuma ya banda nikayamwaga yote mawili, nikayafunga vitambaa vyake kama yalivyokuwa, nikayarudisha mahali pake. Kapteni akifungua boneti ataona madumu. Nilijiambia shindano likiisha nitateremka mto Tana, nitayajaza, na hakuna atakayejua. Nilijiona hodari sana. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na wakati ule mie niliona ni msemo wa kanga.

Mji mzima ulikuja kutazama. Faraj alianza. Mzunguko wa kwanza alikwenda vizuri, wa pili alikanyaga mafuta katikati ya lagha, magurudumu ya nyuma yakajichimbia kaburi, sukari yote ikalala upande. Faraj alishuka, akakaa juu ya gunia, akaomba maji.

Mwalimu Mutua alikwenda wa pili, na mtu yule aliendesha kama anavyosahihisha insha, polepole, hakosi kitu. Vitabu vilikuwa vizito, gari lilinguruma, lakini mizunguko mitatu aliimaliza bila kunasa. Watu wakampigia makofi. Kapteni akaandika muda wake.

Kisha sisi. Nilikaa pembeni mwa Adeer. Alikuwa ametoa upepo kwenye matairi mpaka yamelala chini kama ngamia aliyepiga magoti. Mchangani hakugusa breki wala gia. Aliingia na mwendo wake akatoka na mwendo wake, mikono imelegea kwenye usukani. Mzunguko wa pili, pale pale alipozama Faraj, nilisikia pua inaanza kushuka. Ikashuka, ikasita, ikainuka. Nilijua, na hakuna mwengine aliyejua, kwamba na yale maji tungebaki pale.

Tulimshinda Mwalimu kwa nusu dakika. Adeer alinipiga bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Leo gari nyebesi, Mombasa," alisema, kwa kile Kiswahili chake cha Wajir kinachogeuza p kuwa b. "Mkono yako mzuri."

Nilicheka kwa furaha, wallahi, nikaamini kwamba ni mkono wangu.

Hapo ndipo kapteni alipopiga filimbi. Malori yalikuwa yamekwisha kuwasha injini nyuma ya kambi, kwani saa ya kuondoka alikuwa akiificha kila mara ili habari isitangulie njiani. Akasema gari lililoshinda liingie mstarini sasa hivi, nyuma ya lori la tatu. Adeer akaniangalia, akauliza kama nitakwenda naye kama fundi wa gari. Nikasema nitakwenda. Mto ule pale, ninauona, na sina dakika tano za kuufikia.

Tulilala njiani, na kesho yake tulipopita Modogashe msafara ulisimama kurekebisha tairi la lori. Jua lilikuwa kali. Askari mmoja mchanga akaja akaomba maji, Adeer akampa kiriba akanywa, akaomba kuwapelekea wenzake. Kiriba kilikuwa kimeanza kulegea. Mie, kwa ujinga wa mtu mwenye siri, nikihofia boneti isifunguliwe, nikasema tusubiri, tutapata kisima mbele. Adeer akatikisa kichwa kuelekea kwenye boneti, askari alikokuwa akitazama.

"Ile madumu si ya kunywa," akamwambia askari. "Ile ya mama."

Kisha akanieleza, bila haraka, kama anayezungumza habari za malisho. Mama Batula alizaliwa Balambala, kando ya mto Tana. Aliolewa Wajir akiwa msichana, na tangu hapo, miaka arubaini na zaidi, amekunywa maji ya visima yenye chumvi. Hakuwahi kulalamika. Sasa alipougua hakuomba nyama wala dawa. Aliomba maji ya mto. Siku chache kabla ya shindano Adeer alikwenda mwenyewe mpaka Balambala kwa punda, kwa vijia vya kando ya mto visivyo na vizuizi, akayateka pale mama yake alipokuwa akiteka alipokuwa mtoto. Mbele ya kapteni hakulisema hilo, kwani aliona aibu kuomba nafasi ya msafara kwa ajili ya maji.

Vijana wangu, nimewahi kubanwa na jeki, nimewahi kuunguzwa na mvuke wa rejeta. Hakuna kilichoniuma kama pale. Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Niliogopa, hakuna jina jengine la jambo hilo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kutoka Modogashe mpaka Wajir.

Habaswein tulipumzika karibu na visima. Adeer alipokwenda kusali na wenzake, nilifungua boneti kama anayekagua gurudumu la akiba, nikachota, nikayajaza madumu, nikafunga vile vitambaa. Niliyaonja. Yalikuwa na chumvi ya kukunja uso.

Mama Batula alikuwa amelala ndani ya nyumba ya mikeka, mdogo, macho makubwa. Mwanawe alipoinama mlangoni alimshika uso kwa mikono miwili na hakumwachia. Adeer, mtu yule mkavu, alilia kama mtoto, na sikujua niangalie wapi. Kisha akalibeba dumu, akamimina kwenye kikombe, akamnyanyua shingo, akamnywesha. Alikunywa kikombe chote. Akafumba macho akasema kwa Kisomali, na mie Kisomali cha gereji nilikuwa nacho: "Ni mto." Wanawake waliokuwamo wakamshukuru Mungu. Nilitoka nje nikaenda kukaza nati za magurudumu zilizokwisha kukazwa.

Nilimwambia njiani, tukirudi. Nilimwambia yote, uwanja, sharti la mzigo, Habaswein. Alikuwa anaendesha. Hakupunguza mwendo wala hakuongeza.

"Mama alijua," akasema mwishowe. "Alikunywa kwa sababu yangu." Kisha akasema, "Wewe utamrudishia."

Nikasema nitamrudishia. Nikauliza nitafikaje, gari litapata nafasi tena lini? Akasema halitapata, kwa sababu halikushinda. "Mimi fundi. Fundi hakuna kudanganya uzito."

Na alivyosema ndivyo alivyofanya. Tulipofika Garissa, kabla ya kuoga, alinichukua mpaka kwa kapteni, tukampitia na Mwalimu Mutua nyumbani kwake. Alieleza yeye, hakunisukuma mbele, ingawa kosa lilikuwa langu. Alisema gari lake lilikwenda na madumu matupu, kwa hiyo nafasi ilikuwa ya Mwalimu. Kapteni alikasirika, kisha akatazama buti zake. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaniuliza kwa sauti ile ile ya darasani kama ninajua watoto wa Wajir wamesubiri vitabu muda gani. Nikasema sijui. Akasema basi nitavibeba mimi mwenyewe na kuvishusha. Msafara uliofuata nafasi ilikuwa yake, na fundi wa gari lake nilikuwa mie.

Msafara huo ulichelewa wiki tatu. Kila jioni nilimuuliza Adeer kama kuna habari kutoka Wajir, na kila jioni alisema yungali hai. Wiki ya pili nilikwenda Balambala na punda yule yule. Niliteka, nikafunga vitambaa, na tangu hapo madumu yale nilikaa nayo chumbani kama yai. Gari la Mwalimu lilikuwa na rejeta, na lilichemka mara mbili kabla ya Habaswein. Mara ya pili Mwalimu aliyatazama madumu, akanitazama, akakaa chini kwenye kivuli cha gari kusubiri lipoe.

Nilishusha vitabu kwanza, maboksi yote, kwa mgongo wangu. Kisha nikaenda.

Alikuwa amepungua zaidi, lakini alinitambua. Aliuliza mwanawe yuko wapi. Nikamwambia kwa Kisomali changu kibovu kwamba nafasi ameirudisha kwa mwenyewe, mwalimu wa vitabu. Alikubali kwa kichwa. Nikamimina, nikamnyanyua vile nilivyomwona Adeer akimnyanyua, akanywa funda moja, akalishika mdomoni muda mrefu. Akaomba tena. Kisha akawaita wale wanawake akataka na wao waonje, kila mmoja, mpaka jirani aliyekuwa akipita na mbuzi.

"Yale ya kwanza yalikuwa ya Habaswein," akaniambia. "Ya mto aliyamwaga nani?"

Nikasema ni mimi, mama.

"Kwa nini?"

Nikamwambia lile gari halinywi maji.

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo kikavu, akarudia kwa wale wanawake, gari halinywi maji, nao wakacheka, akacheka mpaka akakohoa na mie nikaogopa. Alipotulia nilimuuliza lile lililokuwa likinikaba wiki tatu zote: kwa nini basi alisema ni mto?

"Mwanangu ndiye aliyeshika kikombe," akasema.

Alifariki kabla ya mvua, na habari zilitufikia zimechelewa, kama habari zote za wakati ule. Nimefanya kazi miaka thelathini baada ya hapo, na gari halijafunguliwa boneti mbele yangu kabla dereva wake hajaketishwa akaulizwa habari. Ninyi mmenicheka sana kwa hilo, mkasema mzee anapenda domo.

Siku ile niliporudi kutoka Wajir nilikwenda moja kwa moja gereji na vumbi langu. Adeer alikuwa shimoni, chini ya lori. Nilisimama ukingoni. Hakutoka.

"Alikunywa?"

Nikamwambia alikunywa, na akaomba tena.

Alikaza nati moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha mkono ukatokea, ukaomba spana ya nusu inchi, nikampa, na hakuirudisha.